Mjomba Aliyelipwa Kukimbia

Wajukuu zangu wakibishana kuhusu wachezaji wa kwenye televisheni, mimi hutafuna tambuu yangu nikiwaangalia. Mpira hawaujui hao. Mpira aliucheza mjomba wangu, na kama nawe ulikulia Mambrui miaka ya sitini, huna haja ya kuambiwa.

Klabu moja ya Mombasa ilimwajiri kwa kazi hiyo tu, kucheza. Jirani yetu akamcheka bibi: "Kijana mzima alipwa kukimbia?" Bibi akamjibu, "Wa kwako mbona akimbia bure, tena akikimbizwa?" Mjomba akija likizo nyumba nzima ilinukia mbaazi za nazi, na mimi ndiye niliyetwanga manjano ya kumkandia vifundo, maana hapakuwa na beki wa Matsangoni wala Kilifi ambaye hakumpiga ngwala.

Kisha akaingia jeshini. Alisema timu yao ni nzuri. Kweli ilikuwa nzuri, lakini mwanajeshi ni mwanajeshi. Mashifta, wale waasi wa mpakani, walipochachamaa kaskazini, naye akapelekwa pamoja na wenzake.

Asubuhi moja akaja askari, mtu wa bara, sare imenyooka, macho chini. "Shikamoo, mama. Kijana wako ameanguka uwanjani."

Bibi akacheka. Naapa, alicheka. "Huyo! Lini hakuanguka? Mguu upi, baba?" Akaniita nitwange manjano. Nikatwanga kwa furaha, mjomba anarudi! Askari akavua kofia yake pale mlangoni. Yule jirani ndiye aliyeelewa. Akaja, akaushika mchi mkononi mwangu. "Shoga," akamwambia bibi, "mwanao hakuumia. Amekufa vitani."

Bibi akamgeukia yule askari. "Kwenu bara mtu akifa mwasema ameanguka? Huku kwetu aangukaye huinuka." Kisha akaamuru apewe maji, maana kijana wa watu alikuwa ametoka mbali.

Tangu siku hiyo nyumbani mwetu hakikuanguka kitu. Embe lilishuka. Kikombe kilituponyoka. Mtoto akijikwaa tulisema amekaa chini. Hakuna aliyetuamrisha, tulijua tu.

Bibi amekwenda zake, nyumba ina wapangaji. Nilipita hapo mwezi uliopita, watoto wao wanakimbizana uani, mmoja akapiga ukelele, "Nimeanguka!" Nikasimama kichochoroni, nikingoja mtu mzima atoke amnyamazishe.

Hakutoka mtu.