Mwali wa Karatasi

Siku kiwanda cha mabegi kilipofungwa, mwaka 1995, kila mfanyakazi aliambiwa achague kitu kimoja cha kuondoka nacho kabla lori la vyuma chakavu halijafika. Watu walibeba viti, makabati na mapipa. Mlinzi mmoja aling'oa mlango wa choo, mzima na bawaba zake. Semeni alisema anataka mashine namba nne.

"Ile ya kukatia?" Msimamizi alivua miwani. "Dada Semeni, na ngozi utaitoa wapi?"

"Sikuomba ngozi. Nimeomba mashine."

Aliijua kuliko mtu yeyote. Kwa miaka kumi na saba aliuvuta mkono wake kuanzia asubuhi mpaka king'ora cha jioni. Ilikuwa mashine ya zamani, isiyotumia umeme: chini meza ya mti mgumu, juu bamba zito la chuma, ubavuni mkono mrefu wa kuvuta. Unatandaza ngozi juu ya meza, unaweka kisu cha umbo, yaani ukanda wa chuma uliokunjwa kufuata umbo unalolitaka na kunolewa upande wa chini. Ukivuta mkono, bamba linashuka, na umbo linatoka safi kama andazi lililokatwa kwa mdomo wa glasi.

Wanaume wanne waliisukuma kwa mkokoteni mpaka nyumbani kwake Bigwa, pembeni ya mji wa Morogoro, wakipumzika kila penye kivuli. Majirani walitoka kuangalia.

"Semeni, umejiletea mume wa chuma?" mmoja aliuliza.

"Huyu hali, halewi, wala haongezi mke," Semeni alijibu, akaelekeza mashine iwekwe barazani.

Ilikaa hapo miaka miwili bila kazi. Aliianikia vyombo. Kuku walilala juu yake. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja mara tatu, na mara zote tatu jibu lilikuwa moja: haiuzwi. Kila Ijumaa aliipaka mafuta kwenye maungio, kama mtu anavyompaka mgonjwa mafuta miguuni, na majirani walipomcheka aliendelea kupaka.

Aliyeiamsha ni Devotha, mpishi wa keki wa mtaa wa pili. Miaka ile kila kitu kilikuwa kimeanza kuingia kwa wingi kutoka nje, na harusi isiyo na keki ilionekana haijaisha. Devotha alikuwa na bwana na bibi harusi wa plastiki, wawili hao hao, aliowachomeka juu ya keki ya kila mtu na kuwachukua sherehe ikimalizika. Bibi harusi alikuwa amekatika pua. Bwana harusi alisimama kwa mguu mmoja na kijiti cha kiberiti.

"Huyu ameoa mara thelathini na moja," Devotha alisema. "Kachoka, maskini."

Semeni alimgeuzageuza mkononi. "Kwani lazima awe wa plastiki? Nikikukatia wa karatasi, na jina la mwenye sherehe chini yake?"

Hapo ndipo kazi ilipozaliwa. Karatasi ngumu za manila, nyeupe na za rangi ya dhahabu, alizipata dukani kwa Yusufali. Vijiti vilikuwa vya mishikaki. Shida ilikuwa visu. Petro, fundi wa bati aliyekaa nyuma ya soko, alisema chuma cha kukunjika vile hakuna, labda aagize Dar. Semeni akarudi baada ya saa moja amebeba mikanda ya chuma begani, ile inayofungia marobota ya mitumba, ambayo wauza nguo huikata na kuitupa mtaroni.

Petro akacheka mpaka akakaa chini. "Dada, hii mitumba ndiyo iliyokifunga kiwanda chenu."

"Mabegi ya mitumba, ndiyo. Basi na kamba zake zinilishe."

Petro akaikunja. Kwanza ua, kisha nyota, kisha herufi moja moja, kazi iliyomchukua miezi minane kwa sababu herufi ya S ilimtoa jasho. Vile vipambo vya kuchomeka juu ya keki, Semeni na Devotha walivipa jina wenyewe: vilele. Ukikaa barazani Bigwa unaiona milima ya Uluguru mbele yako siku nzima. Jina halikuhitaji kutafutwa.

Kisha ikaja aibu ya Mlali, kijiji cha nje ya mji. Ilikuwa sherehe ya kipaimara cha binti aitwaye Kristina. Keki ilitengenezwa tangu alfajiri, ikasafiri kwenye jua, ikakaa mezani kwa saa tatu ikisubiri wageni wakubwa. Karatasi ikanywa mafuta ya krimu kuanzia miguuni kwenda juu. Ilipofika zamu ya kukata keki, jina la Kristina lilikuwa limelala kifudifudi kama mlevi mtaroni, na padri mwenyewe ndiye aliyelichomoa kwa vidole viwili akaliweka kando kwa upole. Upole ule ulimuuma Semeni kuliko kicheko. Habari ilifika mjini kabla yake.

Hayo yalikuwa Septemba 1998. Oktoba, Mwamvita, dada yake mkubwa wa tumbo moja, alitangaza harusi ya binti yake Shadia. Ingefungwa Jumamosi ya tarehe 12 Desemba, katika mwezi wa Shaabani, watu wanapokimbizana na ndoa kabla ya mfungo. Semeni aliposikia tarehe, aliona jambo moja waziwazi. Kilele chake kikisimama juu ya keki ya Shadia, mbele ya ukumbi mzima, aibu ya Mlali imekwisha. Kisiposimama hata kwa damu yake mwenyewe, hakuna mtu Morogoro atakayemwagiza tena, na mashine itarudi kuanika vyombo.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Yunusi, mdogo wa mume wa Mwamvita, mtunza stoo katika ofisi moja mjini, mtu mwenye kalamu tatu mfukoni. Kikao kilifanyika sebuleni kwa Mwamvita. Walipofika kwenye keki, Semeni alisema kilele atakitoa yeye, zawadi kwa mwanawe.

Yunusi alifunika kalamu moja. "Shemeji, karatasi tunafungia karanga."

Watu wakacheka.

"Na vyeti vya ndoa, shemeji, vinaandikwa kwenye nini?"

Wakacheka tena, safari hii wakimtazama Yunusi. Yeye hakucheka. "Tusitaniane. Mambo ya Mlali tumeyasikia sote. Nimeshaagiza Kariakoo, plastiki, bibi harusi na bwana harusi, wamesimama kwenye ngazi na taa ndogo inayowaka. Wewe kamati imekupangia kugawa pilau."

"Pilau sigawi."

"Utafanya nini sasa?"

"Nitakuwa mama wa bibi harusi," Semeni alisema. "Hiyo kazi sikupangiwa na kamati."

Mwamvita aliinamisha kichwa akatengeneza mtandio. Aliogopa ugomvi na ukweni. Semeni hakumlaumu. Akaaga, akatembea mpaka Bigwa, na kesho yake akaanza.

Alitaka kwanza kuijua dosari. Akapaka siagi kwenye sinia, akakata maua sita yanayofanana, akayachomeka. Moja aliliacha hivi hivi. Moja akalipaka vanishi, likanuka. Moja gundi, moja uji wa muhogo, moja akalifunga nailoni miguuni, likaonekana kama mtoto aliyevaa soksi ugenini. La sita alilichovya kwenye mshumaa ulioyeyushwa, kina cha kucha moja tu. Akaliweka sinia juani saa sita mchana, akakaa kwenye kigoda akaangalia. Saa tisa, la kwanza likainama. Jioni yalikuwa yamesimama mawili: la soksi na la mshumaa. Siku ya pili akarudia. Siku ya tatu akarudia na krimu ya Devotha mwenyewe. La mshumaa halikutikisika.

Kisha akaenda kwa Petro na mchoro.

"Hiki nini?" Petro aliuliza.

"Mwali."

Miaka saba nyuma, Shadia alipomaliza kufundwa na kutolewa ndani kule mlimani kwa bibi yake, siku ya ngoma alibebwa mabegani kama desturi inavyotaka, mwavuli ukiwa juu yake, wanawake wakimzunguka. Aliyetakiwa kumbeba aliamka na homa. Semeni, mwenye mabega yaliyokomazwa na mkono wa mashine, ndiye aliyeinama. Alimbeba kutoka mlango wa nyumba mpaka uwanjani, kilima chote, bila kumshusha. Mchoro ulikuwa huo: mwanamke amesimama imara, msichana mabegani mwake, mwavuli umefunguka.

Petro aliutazama sana. "Mwavuli utanisumbua kama S."

"S ulishaishinda."

Alivunja vipande viwili vya chuma, cha tatu kikakubali. Semeni akatandaza manila ya dhahabu juu ya nyeupe, akaweka kisu, akavuta mkono. Bamba likashuka, kwaa! Mwali akatoka na nchani kwa mwavuli wake hakukuwa na hata uzi wa karatasi uliobaki. Akamchovya miguu kwenye mshumaa, akamweka ndani ya boksi la viatu.

Siku ya harusi alivaa kitenge kipya sare na Mwamvita, akaingia ukumbini na boksi kwenye mkoba. Plastiki ya Kariakoo ilikuwa juu ya keki zote tatu: kubwa ya maharusi, na mbili ndogo za wazazi, moja upande wa bwana, moja upande wa bibi. Bibi harusi wa plastiki alikuwa na nywele za njano. Taa ilikuwa ikiwaka na kuzima.

Semeni hakuigusa. Alijua jambo ambalo Yunusi, pamoja na kalamu zake tatu, hakulifikiria. Keki ikiwa mezani ni ya kamati. Lakini ile ndogo hutolewa zawadi. Maharusi huibeba wenyewe na kuiweka mikononi mwa mama. Ikishapokelewa, imekuwa ya mama. Na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na dada wa mama ni mama. Hapo hakuna mwenyekiti.

Mshereheshaji akaita: "Mama wa bibi harusi, asogee apokee keki yake."

Mwamvita akasimama. Semeni akasimama. Yunusi, kutoka meza ya mbele, akamwashiria akae. Semeni akaendelea kutembea. Maharusi walipiga magoti. Shadia akainua keki, akamwona mama yake mdogo, na akaisogeza kidogo ili sinia lifikie mikono yote minne.

"Tumepokea," Semeni alisema, kwa sauti ya kawaida.

Kisha akamwachia Mwamvita sinia, akawachomoa wale wa plastiki na ngazi yao na taa yao, akafungua boksi, akamchomeka mwali katikati.

Mpiga video alisogea karibu na taa yake kubwa, na dhahabu ikawaka bila betri. Yunusi alikuwa ameshafika.

"Shemeji, nani kakuruhusu?"

"Keki ya nani hii, shemeji?"

Yunusi akamtazama Mwamvita, kama mtu anayeomba shahidi. Mwamvita alikuwa akimtazama mwali.

"Yetu," Mwamvita alisema. "Ni yetu, shemeji. Sogea, unaziba video."

Semeni akampa Yunusi bwana na bibi harusi wake mkononi. Taa yao ilikuwa bado inawaka na kuzima.

Nyuma ya ukumbi walikaa wanawake walioshuka mlimani alfajiri, kwenye viti ambavyo kamati iliwapangia karibu na mlango wa jikoni. Mmoja alisimama kutazama vizuri. Akamwambia mwenzake, "Si Shadia yule? Si Semeni yule aliyembeba?" Akapiga kigelegele, na kabla mshereheshaji hajaweka muziki, wakaanza wimbo wa kumtoa mwali, wakaja mbele wakicheza, viti vikisukumwa. Shadia aliyekuwa amepiga magoti alicheka mpaka wanja ukamchuruzika.

Semeni alicheza hatua mbili tatu, akarudi pembeni ya sinia. Wengine waliangalia wachezaji. Yeye aliinama akaangalia miguu ya mwali, mahali karatasi inapoingia kwenye krimu. Ukumbi ulikuwa na joto, feni mbili tu, watu mia mbili. Alihesabu kwa saa ya ukutani. Robo saa. Nusu saa. Saa nzima. Devotha alikuja akasimama naye, mikono kiunoni.

"Kanywa?"

"Hata tone."

Saa mbili zilipotimia, mwanamke wa upande wa bwana harusi, aliyevaa dhahabu mikono yote, alisogea akaigusa ncha ya mwavuli kwa ukucha. "Huyu mmemtoa Dubai?" aliuliza.

"Bigwa," Semeni alisema. "Mashine namba nne."