Kata Iliyokwisha Kuonjwa

Iddi Chirau alikuwa na kisa chake cha kuanguka mnazini, na alikuwa amekisimulia mara nyingi hata mkewe, Mwanapili, akikisikia kutoka jikoni alikimalizia mwenyewe huku akikuna nazi. Alipanda mnazi kichwa kimejaa tembo, akapiga kotama, kile kisu cha kugemea, hewani badala ya karara la mnazi, na huyo, chini puu! Mguu wa kulia ukavunjika mahali pawili. Watu walicheka, naye alicheka nao. Kisa kilikuwa cha kweli kabisa, ila sicho alichopaswa kukisema.

Alikuwa mgema kwa miaka kumi na tisa, upande wa Msambweni. Mwislamu, ndiyo, tena mgema. Msinitolee macho, hakuwa wa kwanza. Alipovunjika mguu, mwaka wa hamsini na mbili, aliacha kugema na kunywa siku hiyo hiyo. Wateja wake wengi walihamia kwa wagema wengine. Lakini wawili watatu waliendelea kuja bandani kwake kila alasiri, saa ile mgema anaposhuka mnazini, wakakaa juu ya magogo yale yale, mikono mitupu, koo zimewakauka. Nao walitaka kuacha, maskini, ila hawakujua pa kuipeleka saa ile. Basi Iddi akawapikia birika la kahawa chungu, na mambo yakaanzia hapo.

Kufika mwaka wa hamsini na saba walikuwa wanaume kumi na mmoja, wakikutana kila Alhamisi. Mwalimu hapana, daktari hapana. Kila mtu alisema alivyoishi wiki ile na tembo, na anayesema hakukatizwa mpaka atamke mwenyewe, "Nimetua." Na mwenye banda ndiye aliyeanza. Hilo walilitoa kwenye tembo lenyewe. Bandani kwao mgema hakumpa mtu kata ya tembo, kifuu chenye mpini, kabla hajaionja yeye, mbele ya macho ya mnywaji, aonyeshe kwamba hamna sumu. Na kata iliyokwisha kuonjwa haikataliwi. Ukiikataa, umemwambia mwenzio mbele za watu kwamba yeye ni muuaji. Watu wamenuniana miaka kwa jambo hilo.

Kwa hiyo Iddi alionja kahawa, akaipitisha, kisha akaanza kusema. Na kila Alhamisi akasema mnazi, kotama na mguu. Alikuwa muongo? La. Alikuwa mwoga, na mimi simtetei.

Maana pale kwenye gogo la tatu alikaa Fondo, Mduruma, mkata miwa wa Ramisi. Miaka sita nyuma Kadzo, mke wa Fondo, alishikwa na uchungu wa uzazi, akamtuma mumewe mbio akamwite Bi Mwanarusi, mkunga. Njia ilipita bandani kwa Iddi. Fondo alikuwa na siku ishirini bila tembo, kwa ajili ya mtoto huyo. Akanywa, akalala bandani. Alipozinduka jua lilikuwa linakuchwa, na mkunga alipofika mtoto alikuwa amekwisha kufa. Kadzo akafunga virago akarudi kwao.

"Miguu yangu ndiyo iliyonipeleka," Fondo alisema kila zamu yake ilipofika. "Hakuna aliyeniita. Nimetua." Lakini alivyokaa, loo, mtu huyo hakuwa ametua chochote.

Na aliyemwita alikuwapo, kashika birika. Tembo lilimfutia Fondo siku ile yote. Iddi halikumfutia hata chembe. Alikumbuka Fondo akipita na kusema, "Leo sina nafasi, ndugu yangu, mke wangu ana uchungu." Alikumbuka na chuki yake mwenyewe, chuki ya mgema aliyeachwa na mteja siku ishirini bila hata salamu. Akajaza kata, akaionja, akasimama katikati ya njia mbele ya watu wanne. "Nimeshaonja, Fondo. Utanikatalia?" Fondo akaitazama njia, akaitazama kata, akanywa. Ile moja ikaita ya pili, na ya pili ikaita ya tatu.

Alhamisi moja Fondo alikuja na panga lake na furushi la nguo, akasema kabla hata ya kahawa kumiminwa. Jana alifika mpaka mlangoni kwa mgema wa kule Ramisi, akarudi. Leo akienda hatarudi. "Nimekuja kuwaaga. Mtu aliyeua mwanawe kwa miguu yake, mnampoza ili awe nani?"

Kama Iddi angenyamaza, Fondo angeondoka na siri ingeondoka naye, na banda lingebaki na heshima yake. Wallahi alilifikiria hilo, na kulifikiria tu kulimtia haya mpaka masikio yakamwaka.

"Keti, Fondo. Mwenye banda ndiye anayeanza."

"Haya, tuangushe tena mnazini," akasema Kibwana, mvuvi asiyeishiwa na mzaha. Hakuna aliyecheka.

Iddi akasema. Akasema njia, kata, watu wanne, na maneno yale, "Utanikatalia?" Hakujitafutia udhuru. Akasema miaka mitano amemsikiliza mwenzake akijilaumu peke yake, akammiminia kahawa na kumpigapiga bega. "Nilikuua mara mbili," akasema. Hakutamka "nimetua."

Jikoni, Mwanapili aliacha kukuna nazi. Kwa kukosa la kufanya, mikono ya Iddi ikafuata mazoea: ikamimina kahawa, akaonja, akamnyoshea Fondo kikombe.

Fondo akasimama. "Sitaki."

Kibwana akavuta pumzi kwa sauti. Mmoja akasema, "Astaghafirullah."

"Sitaki kitu kutoka mkononi mwako, Iddi. Mbele ya hawa wote, sitaki." Kisha akautazama mkono wake mwenyewe, ambao haukunyoshwa kukipokea, akautazama sana. "Kumbe ninaweza," akasema taratibu.

Iddi akakiweka kikombe chini, machozi yanamtoka bila ya kuyafuta. Fondo akaliweka furushi lake kando ya gogo, akaketi. Siku ile hakwenda kwa mgema wa Ramisi.

Kadzo hakurudi, nisije nikawadanganya. Lakini Fondo alikuja Alhamisi zote zilizofuata, akitembea kutoka shambani, na kila Alhamisi Iddi alionja akamnyoshea kikombe, naye akajibu mbele ya watu, "Sitaki." Wageni walishtuka, wenyeji walitazama chini. Kisha kikombe kikapita kwa Kibwana.

Mwanapili alivumilia mwaka mzima, kisha uvumilivu ukamwishia. "Bwana, kwa nini humwachii Kibwana akampa? Kila wiki mtu yule anakuita muuaji, tena nyumbani kwako!"

"Mwache akatae," Iddi akamwambia. "Siku ile nilimnyima nafasi hiyo."

Akainua birika, akachechemea kwenda nje, maana ilikuwa Alhamisi na watu walikuwa wameshaanza kufika.