Tuliwakwepa, Lakini Sikuwaona Tena

Mzee wangu wa Igurwa amefariki. Habari nimepewa na dereva wa bodaboda hapa Kayanga, tena bila kusimama. Alipunguza mwendo kidogo, akanipigia kelele, "We mwandishi! Yule mzee wako wa kugeuka nyuma amekwenda!" halafu akapotea na vumbi lake. Nikabaki nimesimama na mfuko wa sukari mkononi. Hata habari ya kifo chake imenipita mbio, na yeye ndiye mtu pekee niliyemjua ambaye hakuweza kuvumilia kitu kipite mbio hivyo halafu kiende zake.

Mnaosoma safu hii mnanijua, sina subira. Siku ya kwanza kukutana na yule mzee tulipakiwa mshikaki kwenye bodaboda moja kutoka Nyakasimbi, mimi nawahi usaili wa kazi. Kwenye kona akatokea mtu anasukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi mpaka yeye mwenyewe haonekani. Dereva akakata usukani, tukapita karibu kiasi kwamba jani la mgomba lilinipapasa shavu. Dereva akacheka, "Duh, bado kidogo!" Mzee akasema, "Simama." Dereva akamjibu, "Mzee, hatujamgusa." "Najua hatujamgusa. Simama." Akashuka, akarudi kwenye kona kwa miguu, kwenye matope, taratibu kama mtu anayekwenda kanisani. Sisi tukabaki tunasonya. "Huyu akipanda tena pikipiki yangu," dereva akaniambia, "namtoza na nauli ya kurudi nyuma." Aliporudi nilikuwa nachemka. "Shikamoo mzee, lakini umenichelewesha." "Marahaba, mwanangu. Amesimama, na ndizi zake ziko sawa. Sasa twende." Usaili niliukuta umeisha.

Jumapili iliyofuata alinitafuta, akanipeleka kwake kuniomba radhi. Mkewe akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama tunavyomkaribisha mgeni huku kwetu, na mzee akaanza kunieleza kwa nini alinikosesha kazi. Ujanani alifanya kazi kwenye meli ya kivita, ziwani. Ya nani na ya wapi sitasema, maana hata yeye hakupenda ijulikane. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele kabisa na kutazama. Asubuhi moja ukungu ulikuwa mzito na meli inakwenda kasi. Ghafla likatokea boti la mbao mbele yao, limejaa ndizi na watu. Alijua palepale kuwa ni watu wa huku milimani, kwa sababu walifanya kosa ambalo mtu wa ziwani halifanyi. Walipoona lile dude la chuma linakuja, wote walisimama kwa pamoja. Boti likalala upande mmoja. Akawapigia kelele kwa Kinyambo wakae chini, lakini honi ya meli ilikuwa inalia, nani amsikie?

Meli ikakata kona. Ikapita ubavuni mwa boti, karibu kuliko jikoni na sebule. Hapo ndipo alipomwona mama mmoja amepanda juu ya mikungu, amemnyanyua mtoto wake kwa mikono miwili na kumnyooshea yeye. "Hakuwa ananionyesha," aliniambia. "Alikuwa ananikabidhi." Naye akainama juu ya chuma, akanyoosha mikono yote miwili, kama tunavyopokea kitu cha heshima. Vidole havikufikiana. Meli ikapita na ukungu ukafunga nyuma yao kama mlango. Halafu akasikia wimbi. "Wimbi la meli kubwa huja nyuma yake, mwanangu. Sisi tumeshapita, tuko salama, lenyewe ndiyo kwanza linafika kwa wale." Alisikia watu wakipiga yowe, halafu akasikia injini yao tu, yao wenyewe wa meli. Hawakusimama. Kwenye taarifa ikasemwa kwamba boti limekwepwa.

Mimi na papara zangu nikamwambia, "Sasa mzee, si mliwakwepa?"

"Tuliwakwepa."

"Basi."

"Basi nini?"

Nilitafuna kahawa yangu.

Aliacha kazi hiyo, akarudi kwenye kibanja cha baba yake, shamba la migomba na kahawa, mbali na maji. Haikusaidia. Sokoni akimwona kijana wa umri fulani, wa kike au wa kiume, alimsimamisha. "Mama yako aliwahi kuvuka ziwa na boti la ndizi?" Vijana walimzoea. "Mzee, mama yangu anaogopa hata beseni!" Alicheka nao, halafu akamsimamisha mwingine. Wazee wenzake walimwambia yaliyopita si ndwele. Akawajibu, "Kwangu ni ndwele, na sijui hata kama yamepita."

Tangu hapo nimekuwa nikiona mambo ambayo sikuwa nayaona, na yananikera. Sisi ni watu wa "bado kidogo." Tukikosa kumgonga mtu tunashangilia, kana kwamba tumemzaa. Kuna mama mmoja Kanoni, barabara mpya imepita hatua chache na ukuta wake. Aliambiwa ana bahati sana, nyumba haikubomolewa, na waliomwambia wakapanda gari wakaondoka. Mvua kubwa ya kwanza iliposhuka, maji yote ya barabara yakahamia jikoni kwake. Nani alirudi kumwangalia? Wimbi linafika wakati waliolileta wameshalala. Nilikuwa nadhani yule mzee ana ugonjwa wa kichwa. Siku hizi nadhani ni sisi tuliobaki ndio tuna ugonjwa wa shingo.

Mwezi uliopita mkewe alinipigia simu niende. Mzee alikuwa hoi, hali chakula, na usiku anaamka amenyoosha mikono. Yule mama alinivuta nyuma ya nyumba, kwenye migomba. "Mwanangu, wewe una umri uleule. Mwambie ni wewe. Mwambie mama yako alikusimulia. Mwache mwenzangu apumzike." Nikamuuliza, "Ni dhambi, mama?" Akasema, "Ikiwa dhambi nitaibeba mimi." Nikaingia. Nilisema harakaharaka, kama mtu anayemeza dawa chungu, kwamba nimemuuliza mama, kwamba boti lilifika, kwamba yule mtoto ni mimi. Mzee akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Ilikuwa mikavu na myepesi kama maganda ya maharage. "Asante, baba," akasema. Mkewe mlangoni akaanza kulia.

Halafu mzee akatabasamu. "Lakini yule alikuwa wa kike, bwana. Alikuwa na vihereni."

Tulicheka. Jamani, tulicheka mpaka akakohoa, na mkewe akacheka huku machozi yanamtoka, akisema, "Miaka yote hii hukuniambia kuwa ni msichana!" Nikadhani yameisha, tumeumbuka, basi. Lakini hakuwa ameuachia mkono wangu. Kicheko kilipokwisha akaniuliza kwa sauti ya chini, siyo kwa kunisuta, kama mtu anayetaka kujua kweli, "Na hata ungekuwa ndiye wewe. Na wale wengine?"

Sikuwa na uongo wa kuwatosha wale wengine.

Tumemzika juzi kwenye kibanja chake. Walisema alilitumikia jeshi, alikuwa mkulima mzuri wa kahawa, alikuwa mtu wa watu. Hakuna aliyetaja boti. Mkewe alipita turubai zima na kile kikapu cha kahawa, na kila alipofika kwa msichana wa umri wangu alisimama kidogo, akamtazama masikioni, akasogea. Sidhani kama alijua kwamba anafanya hivyo.

Jioni ile nikapanda bodaboda kurudi Kayanga. Nilikuwa nimechoka, nataka kulala, namwambia dereva aongeze mwendo. Kwenye kona akatokea mtu na baiskeli ya ndizi. Tukamkwepa, bado kidogo. Tulikwenda mbele kipande kizuri, nakiri, nikijiambia kwamba hatujamgusa, ndipo nikasikia mdomo wangu unasema, "Simama." Dereva akasema lile lile, hatujamgusa. Nikashuka, nikarudi kwa miguu. Kwenye kona hapakuwa na mtu. Palikuwa na alama ya tairi kwenye tope inayoelekea ukingoni, na ndizi mbichi tatu zimelala chini. Nikaita. Migomba ikachezacheza na upepo, kukawa kimya. Labda kwao ni hapohapo, ameingia kwenye kibanja chake, sasa hivi anakula chakula. Nililala nikiwaza labda hiyo.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma, ninalo moja tu la kuwaambia kutoka kwa yule mzee. Kumkwepa mtu siyo kumwokoa. Geuka umwangalie, na ugeuke mapema, wakati bado yupo barabarani. Na kama kuna msichana mahali anayesoma hapa, ambaye mama yake aliwahi kumnyanyua na kumnyooshea mtu juu ya maji asubuhi yenye ukungu, mwambie mama kwamba yule mtu wa melini alinyoosha mikono, na hakuishusha mpaka amekufa.