Fundi Viatu Aliyesahau Nyayo Zake

Saa moja asubuhi, kabla hajafungua sanduku lake la kazi, fundi viatu anaketi kwenye kigoda na kuvua kiatu cha mguu wa kulia. Anaweka kioo sakafuni, kile kile ambacho msusi wa chumba cha pili huwapa wateja wake waone kisogo. Kisha anainua mguu juu ya kioo na kuinama kadiri tumbo linavyomruhusu.

Anatazama kisigino, anatazama katikati ya vidole, hana haraka. Mpita njia mmoja anasimama na kumwuliza kama mguu umependeza leo.

"Haujambo," anajibu bila kuinua kichwa. "Unakusalimu."

Mguu wa kushoto una bandeji. Huo anautazama pembeni tu, kuona kama bandeji imelowa. Leo ni kavu. Anavaa, anafungua sanduku na kuchukua kiatu cha kwanza.

Wateja wanamwita Soli, na wengi wao hawajui kama ana jina jingine. Ana miaka hamsini na minne, na ameshona viatu tangu alipokuwa kijana asiye na ndevu. Siku njema, jozi kumi na mbili hupita mikononi mwake. Siku mbaya ni tatu, na moja kati ya hizo huwa ya jirani asiyelipa. Kwa kazi hiyo yeye na mkewe wamelea mapacha hadi wakaota mbawa.

Kwa miaka tisa sasa Soli ana kisukari. Ugonjwa huo ulimwingia kimya kimya na ukaanzia kazi yake miguuni. Uliipiga ganzi, hata akawa hajui kama amekanyaga zulia au changarawe. Mwaka juzi kidonda ambacho hakukisikia kilimla kidole kidogo cha mguu wa kushoto, na madaktari wakakikata.

Muuguzi wa zahanati alimpa masharti mawili. Asivae tena kandambili, na kila siku atazame nyayo zake. Soli aliitikia vizuri, akashukuru, akarudi kazini na kandambili zake.

"Kandambili hazihitaji fundi," anasema, na hapo anacheka kidogo. Mtu aliyewavisha watu mtaa mzima hakuwahi kujishonea viatu hata siku moja. Wahenga walishasema mganga hajigangi.

Mambo yalibadilika Januari, na aliyeyabadilisha ni msusi. Kibaraza kina vyumba vitatu: cha Soli, cha msusi na cha fundi saa. Msusi alipendekeza kila mmoja achague jambo moja dogo la afya na alifanye kila siku mwaka mzima. Asubuhi wakifungua, waulizane, na atakayekosa afagie kibaraza chote.

Msusi mwenyewe alichagua kuja kazini kwa miguu. Fundi saa aliachana na sukari kwenye chai, na kwa wiki nzima uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa mtu aliyefiwa. Soli alitaka kuchagua kunywa maji, kwa sababu alikuwa anayanywa tayari. Mkewe, aliyekuwa amemletea chakula, akamkatiza mbele ya wote.

"Maji unakunywa, Baba Mapacha. Miguu ndiyo hutazami."

Basi ikawa miguu. Kwa kuwa tumbo halikumruhusu kuona unyayo wake mwenyewe, mkewe ndiye aliyekuwa akiutazama kila asubuhi kabla ya chai, naye Soli akifika kazini anasema nimefanya. Ufagio ulimpitia mbali. Aliyefagia zaidi alikuwa fundi saa, na kila mtu alijua kwa nini.

Kisha binti yao, mmoja wa mapacha, akajifungua. Mkewe alisafiri kwenda kumlea mzazi, akamwachia Soli nyumba, sufuria na miguu yake.

Hapo ndipo Soli alipofanya kosa ambalo labda fundi viatu peke yake angeweza kulifanya. Mteja akilalamika kwamba kiatu kinamchoma, fundi hachungulii ndani. Huingiza mkono na kupapasa, na msumari ukiwepo mkono huukuta. Soli amekuta misumari kwa njia hiyo maisha yake yote. Kwa hiyo kila asubuhi alipitisha kiganja chini ya mguu, kutoka kisigino hadi vidoleni, akaona kazi imekwisha.

Alichosahau ni kwamba kiganja chenyewe, baada ya miaka yote ya gundi, uzi na ngozi, kimeota sugu ngumu. Ndani ya kiatu mkono ule ulikuwa ukitafuta chuma kilichochomoza. Kwenye mguu, kichwa cha msumari mdogo uliokwisha kuzama hakikuwa na tofauti na sugu nyingine. Sugu ilipapasa ganzi, na vyote viwili vikasema hakuna kitu.

Ulikuwa msumari wa kazi yake mwenyewe, ulioanguka kutoka sandukuni, ukapenya wote kwenye kandambili iliyochakaa hadi ndani ya unyayo wa kushoto. Haijulikani ulikaa mguuni siku ngapi. Mkewe alikuwa akipiga simu kila jioni kumwuliza habari za miguu, naye akimjibu ni salama. Hakuwa anadanganya, aliamini hivyo.

Msusi ndiye aliyeona, alipokuja kuazima mkasi. Sakafu ya Soli ilikuwa na madoa ya duara, moja kila hatua, kutoka mlangoni hadi kwenye kigoda.

"Nilimwambia, mzee, unavuja damu. Akatazama mikono yake," anasimulia msusi. "Mikono ndiyo alikagua kwanza."

Zahanati, muuguzi aliutoa msumari na usaha ulioufuata, akamwambia Soli ukweli bila kuuzungusha. Kidonda kilikuwa kirefu. Kikiishia kwenye nyama, kitafunga. Kikifika mfupani, safari hii hakitakatwa kidole, utakatwa mguu.

"Niliogopa," anasema Soli. "Sikulia pale. Nililia nyumbani, nikiwa peke yangu na sufuria."

Mkewe alirudi siku ya pili yake. Hakugomba. Alisema jambo moja tu, na Soli analikariri hadi leo: "Nilikuuliza kama umetazama, ukanijibu salama."

Kibarazani kulizuka ubishi. Msusi aliona Soli hakuvunja ahadi, maana nia ilikuwepo. Fundi saa, ambaye alikuwa amechoka kufagia peke yake, alishikilia kwamba kupapasa si kutazama. Soli mwenyewe aliumaliza ubishi kwa kuchukua ufagio. Kwa kuwa amekatazwa kusimama sana, hufagia akiwa ameketi, hadi pale mkono wake unapofika. Mbele ya kigoda chake pana nusu duara safi kuliko mtaa mzima. Siku hiyo hiyo msusi alimpa kioo.

Kandambili zimetupwa. Mguu wa kushoto unavaa kiatu kipana cha kitambaa alichopewa zahanati. Kidonda kimepungua, kingo zake zimekuwa nyekundu, na muuguzi anasema hiyo ni dalili njema. Hajasema zaidi. Jumatatu ijayo ataangalia kina chake, na ndipo ataamua kama Soli aendelee kutibiwa zahanati au apelekwe hospitali kubwa.

Mjukuu hajamwona bado. Binti anaishi ghorofa ya nne, na Soli amekatazwa ngazi. Kwenye simu amesikia sauti ya mtoto akilia, akasema ana pumzi nzuri, labda atakuwa fundi.

Katikati ya viatu vya wateja, juu ya sanduku, kuna kipande cha ngozi nyeusi, laini, kilichokatwa kwa upana kuliko kawaida. Hakina mshono wowote upande wa ndani. Soli hukishona kidogo kidogo kazi inapopungua. Ni viatu vyake vya kwanza kujishonea, na mpango wake ni kupanda navyo zile ghorofa nne mwenyewe, hata kama atapumzika kila ngazi.

Jozi bado haijakamilika, kilichokwisha kuvishwa kalibu, ule mti wenye umbo la mguu, ni kimoja. Anaulizwa itakuwaje kama Jumatatu muuguzi atasema vingine. Analowesha ncha ya uzi kwa ulimi, anaupitisha kwenye tundu la sindano.

"Nimeanza na cha kushoto," anasema. "Mguu ujue unasubiriwa."