Dole Gumba la Mama na Njuga za Mzee Lalji

Enzi zetu kule Kasulu, barua haikuwa kitu cha kuguswa kwa kidole halafu mtu akaendelea kutafuna chipsi zake. Barua ilikuja na njuga! Tukizisikia tu bondeni tunaacha mchezo wa rede, tunaacha hata muwa uliokwisha menywa, mbio hadi barabarani kumlaki Bwana Ntahondi na baiskeli yake.

Ntahondi alikuwa mtu wa Mzee Lalji, Mhindi mwenye duka la vitenge. Posta ya serikali iliishia mjini, na vijijini kwetu hapakuwa na mwenye sanduku, basi barua zetu zote zilipitia sanduku la Lalji, naye akazisambaza kwa baiskeli. Kila tulipokwenda kununua sare za shule alitusimulia alikoitoa kazi hiyo. Babu yake, huko India, alikuwa mkimbiza barua katika nchi ya mfalme mmoja mdogo. Posta ya Mwingereza haikufika kila pembe ya nchi ile, kwa hiyo mfalme aliukabidhi ukoo mmoja kazi ya barua, za ikulu na za raia, na ukoo huo ukaajiri watu wa kukimbia kwa miguu, kila mmoja na fimbo yenye njuga za kufukuzia nyoka na chui. Ndivyo alivyotuambia, na sisi macho yametutoka. Mkimbiaji hakuruhusiwa kuacha barua mlangoni. Alimpa mwenyewe mkononi, asiyejua kusoma akasomewa mpaka neno la mwisho, ndipo akaweka dole gumba la wino kwenye karatasi ya kurudi kwa aliyeandika.

Lalji aliileta sheria hiyo Kasulu nzima nzima, njuga na wino. Ntahondi aliketi kwetu, akanywa uji wa mtama, akamsomea Mama barua za Baba, aliyekuwa kwenye mashamba ya mkonge Tanga. Mama akiharakisha kuchovya dole, Ntahondi anamshika mkono: "Bado, mama. Amekuandikia na huku nyuma." Barua ikiisha ndipo Mama anapiga dole lake, anapangusa wino kwenye kanga, nasi tunajua kwamba Baba kule Tanga atajua amesikika.

Sasa njoo huku nilikohamia, Hillbrow, kusini kabisa mwa Afrika, uone vituko. Mimi ni msusi, na siku moja niliiacha simu nyumbani ichaji. Binti yangu Neema, miaka kumi na minne, kazaliwa hapa hapa, Kizulu anakimwaga kama maji, Kiswahili anakielewa akitaka. Mama yangu akatuma ujumbe wa sauti wa dakika sita kutoka Kasulu. Neema akasikiliza nusu dakika, akatuma dole gumba, lile la manjano, akarudi kwenye video zake. Hakuniambia kitu, nami niliporudi simu haikuonyesha kuna ujumbe mpya!

Siku ya tisa kaka yangu akapiga simu saluni. "Mama katoka kwenye upasuaji wa jicho, anaendelea vizuri. Lakini dada, mbona hukusema chochote?" Nilikuwa na kichwa cha mteja mkononi, nusu kimesukwa. Kusema nini? Upasuaji upi?

Nikampigia Mama palepale. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. "Nilikuuliza niende au nisiende, maana niliogopa," akasema. "Nikapata dole lako, mwanangu. Nikajua umesikia mpaka mwisho, ila huna la kuniambia."

Jamani! Nilifika nyumbani nawaka. "Neema, nani alikutuma kumjibu bibi yako?"

"Eish, Mama, ilikuwa ndefu! Dole maana yake imefika tu."

Imefika wapi? Kwa nani? Watoto hawa wana data ya kutazama mbwa wakicheza dansi kutwa nzima, lakini dakika sita za bibi yao ni mzigo. Nikamkalisha kitandani, nikaufungua ujumbe ule mwanzo kabisa, namfafanulia kila alipokwama. Dakika ya tano akataka kuinuka, nikamshika mkono. Bado. Na mimi sikujua kilichokuwa mbele.

Mwishoni Mama alikuwa amemaliza habari za jicho. Sauti yake ilishuka. "Na huyo mjukuu wangu Neema, sijawahi kumsikia akiniita. Mwambie aniite Bibi, hata mara moja, kabla sijaingia."

Neema akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ni mimi huyo?" Nikamwambia ni wewe. Akafuta macho kwa mkono wa sweta, kisha akaichukua simu mwenyewe. "Bibi," akasema. "Bibi, ni Neema. Nimesikia yote." Kiswahili cha kuokoteza, lakini hakutuma dole.

Hasira yangu haijaisha, nisidanganye. Naambiwa simu inatuma kwa sekunde moja, sawa. Lakini maneno ya Mama yalichukua siku tisa kufika chumbani humu, na yeye alikwisha ingia kupasuliwa peke yake. Ntahondi, na milima yote ile, angekuwa amefika siku ya tatu.