Mlima Uliochorwa Kutokea Manzese

Ukiingia baa yoyote ya zamani kati ya Ubungo na Tegeta, ukakuta ukutani Mlima Kilimanjaro wenye theluji nyingi kama povu la sabuni, na chini yake twiga wawili wanaotazamana kama wachumba waliogombana, basi jua huo ni mkono wa Twalib. Hakuwa na desturi ya kuweka sahihi. Alikuwa akisema mlima wenyewe ndio sahihi yake, na kauli hiyo aliirudia mara nyingi hata mkewe, Tunu, akawa anaimalizia kabla yake.

Twalib alizaliwa Manzese, akakulia Manzese, akaoa Manzese. Mpaka anavuka miaka hamsini, mahali pa juu kabisa alipowahi kupanda ni paa la ghorofa moja pale Magomeni, alikokwenda kuandika tangazo la rangi, na hapo napo alishuka kwa makalio, ngazi moja moja, macho ameyafumba.

Mlima uliingia maishani mwake kwa njia ya kalenda. Alikuwa bado kijana, fundi wa kuandika mabango ya maduka, mwenye baa mmoja akamwambia ukuta wake uko mtupu, amchoree kitu cha kupoza macho. Nyuma ya kaunta palikuwa na kalenda ya mwaka uliopita yenye picha ya mlima. Twalib akaishusha, akaipiga miraba kwa penseli, akauhamishia mlima ukutani. Wateja wakaupenda. Mmoja akasema tangu mlima uje hata bia imezidi ubaridi. Yalikuwa maneno ya mlevi, lakini Twalib aliyachukua akayatunza kama cheti.

Baa ya pili ikamwita, akaja kinyozi, likaja bucha, ikaja shule ya chekechea. Watu wakaanza kumwita Twalib Mlima. Jina likamwingia kichwani. Akanunua kofia ya kuinamia upande mmoja, akaanza kuvaa skafu shingoni katika joto la Dar es Salaam, jasho likimchuruzika mpaka mgongoni, kwa sababu aliamini mchoraji wa milima hawezi kutembea shingo wazi kama fundi bomba. Vijana wa televisheni ya mtandaoni walipokuja kumhoji, wakamuuliza huwa anapata wapi picha ya mlima, alitazama mbali kidogo, upande wa gereji, akasema, "Mlima unanijia wenyewe. Mie nashika brashi tu."

Tunu alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Akasema, "Na kalenda je, nayo inakujia yenyewe?" Wale vijana, kwa huruma, sehemu hiyo waliikata.

Siku hizi Twalib anaisimulia habari hiyo mwenyewe, na anapofika kwenye skafu hucheka mpaka anakohoa. Lakini wakati ule hakuwa akicheka. Alikuwa akiamini kabisa kwamba yeye na ule mlima wana mambo yao.

Aliyemtoa huko ni Bi. Eliaichi, muuguzi mstaafu kutoka Machame, aliyefungua mgahawa wa supu ya mtori na ndizi nyama pale Boko. Wateja wake wengi walikuwa watu wa kwao waliojenga pande za Boko na Madale, wana mageti na matangi ya maji, lakini wakisema "nyumbani" hawamaanishi nyumba hizo. Bi. Eliaichi alitaka ukuta mzima wa ukumbi uwe mlima, ili mtu akiinamia bakuli la mtori na kuinua kichwa aone kwao. Chini ya picha alitaka shairi, na hilo alimpa Mwalimu Valerian, jirani yake, mzee wa Bukoba aliyefundisha Kiswahili miaka mingi na kutunga mashairi ya harusi, mahafali na misiba ya watu wenye uwezo.

Wasanii hao wawili walikutana pale ukutani, kila mmoja akamheshimu mwenzake kwa tahadhari.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Twalib. "Wewe umeshaupanda?"

"Marahaba. Kuupanda, hapana. Nimeupitia kwa basi, lakini nilikuwa nimelala. Wewe?"

"Mie unanijia," alisema Twalib, na Mwalimu akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Twalib alifanya kazi ile kwa moyo wote. Theluji aliipiga rangi mikono mitatu. Twiga aliwaongeza wakawa familia. Jumapili ya kuzindua, watu walitoka ibadani wakaja na suti zao na magauni yao, pazia likavutwa, na ukumbi ukanyamaza. Twalib alisimama pembeni na skafu yake, akaamini kwamba wameguswa.

Bi. Eliaichi aliutazama ukuta muda mrefu, mikono kiunoni. "Fundi," alisema, "huu mlima umeuchora ukiwa umesimama wapi?"

"Kwa moyo, mama."

"Sawa. Ila moyo wako ulikuwa umesimama Kenya."

Watu wakaangua kicheko. Bi. Eliaichi hakucheka. Alimsogeza Twalib kwa mkono mpaka katikati ya ukumbi, akamwonyesha kama alivyokuwa akiwaonyesha wanafunzi wa uuguzi mahali pa kuchoma sindano. "Hili pana la theluji ni Kibo. Hili la meno meno ni Mawenzi. Ukiwa Moshi mjini, Mawenzi iko kulia. Ukija kwetu Machame huioni kabisa, Kibo imeiziba. Wewe umeiweka kushoto. Anayeiona Mawenzi kushoto kavuka mpaka, kasimama na wale twiga wako upande wa pili."

Twalib alihisi joto la skafu kuliko siku zote. Haraka haraka kichwani alianza kuzipitia kuta zake: ile ya Kimara, ile ya Sinza, bucha, kinyozi, chekechea. Miaka yote hiyo alikuwa amewachorea Watanzania mlima wao unavyoonekana kutokea nyuma, kwa jirani. Akakumbuka na mzee mmoja wa Kimara, mlevi, ambaye kila akiingia baa alikuwa akiunyooshea mlima kidole na kusema, "Umegeuzwa huo." Twalib ndiye aliyekuwa akiwaambia wahudumu wampeleke mzee nyumbani akapumzike.

Zamu ya Mwalimu Valerian ikafika. Alikohoa, akasoma ubeti wake wa kwanza, wenye mlima ungurumao na mbingu zitetemekazo.

"Mwalimu," alisema Bi. Eliaichi kwa upole, "unanguruma nini? Mimi nimezaliwa pale, sijausikia hata ukikohoa."

Mwalimu akakunja karatasi yake, akaketi, akaagiza mtori.

Twalib alijaribu kurekebisha. Wiki iliyofuata aliifuta Mawenzi na kuihamishia kulia. Watu wa Machame wakasema bado, kwao haipo. Akaifuta kabisa. Akaja mzee mmoja wa Rombo, akaomba kuonana na fundi, akamweleza kwa uchungu kwamba kwao Mawenzi ndiyo iko mbele na Kibo ndiyo inayochungulia, sasa inakuwaje mtu anaifuta kana kwamba haina wenyewe. Mwingine wa Kibosho akamchorea kwa mchuzi juu ya meza. Kila mtu alikuwa na mlima wake na kila mmoja alikuwa na uhakika. Twalib aliyekuwa akijiita Mlima alisimama kati yao na brashi inayodondosha rangi nyeupe, hana hata mmoja.

Mwishowe Bi. Eliaichi akachoka. "Mwezi wa kumi na mbili nakwenda nyumbani kama kawaida. Fundi, tunakwenda wote, ukauone, yaishe. Mwalimu, na wewe."

Mwalimu alisema kifua chake hakipendi baridi. Tunu kwa upande wake alimfungia mumewe sweta mbili, koti la mvua na blanketi. "Nenda ukasalimiane na rafiki yako," alimwambia. "Ukifika mwambie mie ndiye niliyekuwa nafua hizo nguo zako za rangi."

Walifika Machame jioni, mawingu yamefunika kila kitu, wakapokewa na Rogers, mdogo wake Bi. Eliaichi, mtu mrefu asiyependa maneno mengi. Twalib alilala na nguo zake zote mwilini.

Asubuhi alitoka uani kupiga mswaki. Anga lilikuwa jeupe. Alitazama juu ya migomba, mahali ambapo kwa uzoefu wake mlima hukaa, akaona miti. Akatazama kushoto, miti. Akatazama kulia, Rogers anamkatia ng'ombe majani.

"Braza, leo nao haupo?"

"Upo."

"Mbona siuoni?"

"Inua shingo."

Akainua. Akaona anga. Akainua tena, na hapo ndipo alipoukuta, juu kuliko mahali popote alipowahi kufikiria kwamba kitu kilichosimama ardhini kinaweza kufika. Haukuwa na theluji nyingi. Ilikuwa mistari tu, imebaki huku na huku kama unga kwenye chombo kilichokombwa. Kwingine kote mwamba, wa rangi ya majivu inayoelekea bluu, rangi ambayo hakuwa nayo katika makopo yake yote. Mswaki ulibaki mdomoni na povu likamtiririkia kidevuni.

Angetaka kusema alijisikia vizuri. Alijisikia amekamatwa. Ni kama mtu aliyezoea kutamba mtaani kwamba yeye na mheshimiwa fulani ni damu damu, halafu siku moja mheshimiwa akaingia mwenyewe barazani, akakaa kimya, anamtazama.

Alikimbilia ndani akaleta karatasi na penseli, akakaa kwenye gogo, akachora. Alichora kwa kasi, akijua mawingu hayachelewi. Alipomaliza Rogers alikuja, majani begani, akaitazama karatasi, akautazama mlima, akairudia karatasi.

"Na hiki kingine umekitoa wapi?"

Twalib akaangalia. Mbele yake palikuwa na kilele kimoja. Kwenye karatasi vilikuwa viwili, na Mawenzi ilikuwa palepale, kushoto, na meno yake. Mkono haukuwa umemuuliza. Ulikuwa umetazamishwa mlima wenyewe, ukachora kalenda.

Akachukua karatasi nyingine. Safari hii aliishika penseli kwa mikono miwili huku akijisemea kwa sauti, "Kimoja, kimoja." Vikatoka kimoja na nusu. Rogers, ambaye hakuwa amecheka tangu wafike, aliweka majani chini akacheka akiwa ameshikilia nguzo ya banda. Twalib naye akacheka, na kicheko kile kilimtoka mbali sana, hata ile skafu, ambayo kwa mara ya kwanza ilikuwa na kazi ya kufanya, ilidondoka kwenye matope asiiokote. Saa nne mawingu yakarudi. "Umefungwa," alisema Rogers, kama mtu anayezungumzia duka.

Siku zilizobaki Twalib hakuuchora tena. Kwa kuwa alikuwa na karatasi na hakuwa na kazi, alichora vilivyokuwa karibu: banda, ndoo, migomba, ng'ombe. Mkono haukujua kalenda yoyote ya ng'ombe, ikabidi atazame.

Aliporudi Boko aliupaka ukuta wote chokaa, akaanza upya. Bi. Eliaichi alikatazwa kuchungulia, na alipoitwa akakuta uani kwao: banda la Rogers, ndoo ya bluu isiyo na mpini, migomba iliyojazana mpaka giza, na ng'ombe ametoa kichwa nje. Pembeni kabisa, karibu na dari, juu ya majani, kilionekana kipande cha mwamba chenye mistari ya theluji.

"Fundi, nilikuagiza mlima."

"Upo, mama. Inua shingo."

Akainua. Hakusema umependeza. Alisema, "Hiyo ndoo nimemwambia Rogers aitupe tangu msiba wa mama," kisha akaingia jikoni, na alikawia huko.

Wateja waligawanyika. Wengine walilalamika kwamba hawawezi kupiga picha na ng'ombe. Mzee wa Rombo aliutazama, akasema angalau sasa Mawenzi haijawekwa mahali pasipo pake, akaomba apangiwe meza upande ule. Watu wa Machame walibishana ni ng'ombe wa aina gani, na katika kubishana wakaongeza supu. Twalib Mlima naye hakuacha kazi ya milima. Baa bado zinautaka ule wenye theluji na twiga, na yeye bado anauchora, Mawenzi kushoto, kwa kuwa akiigeuza mkono unamgomea. Akiulizwa husema huo ni wa kutokea Manzese.

Mwalimu Valerian alikuja kumhoji. Alileta kiti, akakaa mbele ya ukuta. "Haya, niambie, mlima ukoje?"

Safari hii Twalib hakusema kwamba unamjia. Akamweleza habari za baridi, za Rogers, za povu la mswaki, za kile kilele cha pili. Mwalimu alisikiliza, akacheka, akafuta beti zake zote za kunguruma, na baada ya siku chache akaleta mistari miwili tu:

*Ng'ombe kafungwa bandani, majani anatafuna,*
*Akitazama angani, mlima anauona.*

"Ni fupi," alijitetea. "Ila hakuna atakayeniuliza nimesikia wapi."

Twalib akapanda stuli, akapiga mistari kwa penseli na rula, akaiandika kwa rangi nyeusi chini ya picha, herufi kubwa zenye kivuli. Bi. Eliaichi akatoka jikoni anajifuta mikono kwa aproni, akasoma polepole, mara ya kwanza na mara ya pili, akaangalia kama kuna kilichokosewa.

"Herufi umezipatia," alisema.

Twalib akashuka, akaenda kuosha brashi, na siku nzima hakutaka sifa nyingine.