Mfuko Kifuani

Mpaka leo Pindo akisikia cherehani ya kukanyaga ikilia, moyo wake unarudi kwenye karakana ya yule fundi mzee waliyemwita Rula. Chumba kilikuwa na madirisha mawili, vumbi la chaki na harufu ya kitambaa kipya, na kwa msichana wa miaka kumi na saba hiyo ndiyo ilikuwa dunia nzima. Sheria za Rula zilikuwa mbili tu: usikate uzi kwa meno, na usiache nguo iliyochanika bila kuishona, hata ikiwa ya adui yako. Ukikosea, rula ilishuka vidoleni. Akitoka wanafunzi walimsema weee, akirudi wote kimya kama maji ya mtungi. Jina la Pindo ni Rula aliyempa, kwa jinsi binti huyo alivyokunja mapindo usione hata mshono.

Hapo hapo ndipo alipomwona mumewe. Alikuja kupunguziwa suruali, akarudi mara nne na suruali ile ile, hadi ikamfika kwenye ugoko. Tusidanganyane, miaka ya mwanzo ilikuwa mitamu, na Pindo huikumbuka bila aibu. Vipigo vilikuja baadaye, kila kimoja na msamaha wake. Yeye alishona kilichochanika, maisha yakaendelea.

Mchana mmoja alikuwa akipiga pasi sare za wateja. Mume akamshika ukosi wa gauni, akamvuta, akaanza kumkaba. Gauni likachanika mpaka kifuani. Pindo akaipandisha pasi katikati yao ili apate kupumua. Mume akaungua mkono, akamwachia, akaenda moja kwa moja polisi.

Mwingine angemfuata huko huko. Pindo alikaa kwenye cherehani. Nguo ilikuwa imechanika, na mikono yake ilifundishwa na Rula. Akalishona gauni, na pale ncha ya pasi ilipounguza kitambaa akaweka mfuko, mzuri tu. Askari alipofika jioni alimkuta amelivaa, zima, limenyooka; likachukuliwa liwe kielelezo.

Pindo akashtakiwa kwa shambulio la kudhuru mwili. Mahakamani mume alieleza kwamba alikuwa amejikalia zake kwenye kiti, mke akamvamia na pasi, na kovu akalionyesha. Pindo aliposema alikabwa hadi gauni likachanika, mwendesha mashtaka aliliinua gauni lenyewe mbele ya watu, akauliza huo mchaniko uko wapi. Pindo aliwafikiria wanawe wawili, nani atawalea akifungwa.

Kisha akaomba mkasi. Watu wakaangua kicheko, mshtakiwa wa kujeruhi anaomba mkasi! Hakimu akakataa. Basi Pindo akaomba apewe gauni tu, akaanza kulifumua kwa meno.

Kicheko kikafifia. Mfuko ukatoka, chini yake pakaonekana alama ya ncha ya pasi. Mshono ukaachia kutoka ukosini hadi kifuani. Hakimu akamuuliza askari alimkuta mshtakiwa amevaa nini siku ile. Askari akajibu ni gauni hilo hilo, na mfuko wake, kabla hata mshtakiwa hajaambiwa kosa lake.

Hakimu akamgeukia mume. "Wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti. Pasi iliunguzaje gauni lake kifuani?"

Pindo akaachiwa huru.

Kesho yake alilipeleka gauni karakana alishone upya. Rula alikuwa ameshaanza kupoteza macho. Akalipapasa, vidole vyake vikasimama penye nyuzi zilizotafunwa.

"Umekata uzi kwa meno."

"Ndiyo, Fundi. Nisamehe."

Pindo alinyoosha vidole, tayari kwa rula. Mzee akamnyang'anya sindano. "Hili usilishone," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote. Hapo ndipo Pindo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze.

Rula amekwisha kufariki, na Pindo humkumbuka kila siku. Gauni linaning'inia kwenye karakana ya Pindo, wazi hadi kifuani. Mabinti anaowafundisha wana sheria tatu. Mbili ni za Rula. Ya tatu ni yake mwenyewe: nguo iliyochanwa na mkono wa mtu haishonwi mpaka mtu mwingine ameiona.